Nje ya Ukuta

Ofisi ya korongo imetangaza, kwa herufi zinazosomeka toka mbali, kwamba kiongozi wa wageni sharti aandamane nao kila mahali, ndani ya magofu pia, kwa ajili ya usalama na elimu ya umma. Asiyetii atanyang'anywa kibali.

Arvina Tohonnie, binti wa mama yangu mdogo, ameongoza wageni miaka mingi na hajaingia gofu hata moja. Ni nyumba za watu waliokufa zamani, na sisi Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, hatuamini kwamba mtu huingia nyumba ya marehemu akatoka vilevile alivyoingia. Huwafikisha wageni chini ya ukuta, kisha huanza kutembea, aende, arudi, kama farasi aliyenusa radi, akipaza sauti kuwaeleza michoro ya mwambani. Hata nyumbani hamalizi kahawa akiwa amekaa. Lakini kibali hicho ndicho kinacholisha kondoo wa mama yake, na mama mwenyewe.

Mwezi wa tano ofisi ikamtuma mkaguzi, Delbert Nakai, Mnavajo mwenzetu, abebe shanta na kuona kwa macho yake. Walilala kando ya kijito, asubuhi wakafika chini ya gofu. Mgeni wao, Bi. Pruitt, mwalimu mstaafu wa Ohio, akatangulia kupanda ngazi, akapotelea ndani.

"Haya, mfuate," Delbert akamwambia Arvina.

Arvina hakuacha kutembea. "Kwanza, ukoo gani wewe?"

"Maji Machungu."

"Alaa! Ndio ukoo wangu. Basi mimi dada yako. Mama anajua unasukuma dada zako kwenye nyumba za wafu?"

"Mama anajua niko ofisini." Delbert akakohoa. "Dada, tangazo ni tangazo. Usipoingia, kibali nakichukua."

"Sawa, mdogo wangu. Twende basi ukanikague huko huko."

Delbert akautazama mlango, mdogo, mweusi. Akaanza naye kutembea.

"Nitakagua kutokea hapa."

"Hata mimi huongoza kutokea hapa."

"Mnakuja?" Bi. Pruitt aliita kutoka juu. "Kuna chapa za viganja!"

"Endelea tu, mama!" wakajibu wote wawili.

Kibali cha Arvina kikaongezwa muda. Delbert naye amepandishwa cheo: sasa ni mkuu wa ukaguzi wa magofu, na bado hajaliona hata moja kwa ndani.