Riwaya ya Oliva Iliyochelewa Kuanza

Oliva wa Masakta alipomaliza kidato cha nne alirudi shambani kwa bibi yake, Marieta, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Mchana walipalilia mbaazi. Jioni, mwanga ukiwa bado upo, Oliva aliandika riwaya. Ilimhusu Lucia, msichana wa siku hizi anayeingia kwenye ukungu wa Mlima Hanang na kutokea miaka sitini nyuma, ambako anampenda mchunga ng'ombe mmoja.

Madaftari matatu yalipojaa aliyapeleka mjini Katesh kwa Mwantumu, mama mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Baada ya wiki alirudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti, mwanangu, nikwambie ukweli. Lucia anaingia kwenye ukungu ukurasa wa sitini. Mvulana anamsalimia ukurasa wa tisini. Kabla ya hapo wanachota maji tu. Vijana watachoka. Punguza."

Oliva aliumia, ila alijua mama yule hamtakii mabaya. Jumapili, baada ya ibada, aliketi uani na kalamu nyekundu, akawa anasoma kwa sauti ili ajue cha kukata. Bibi Marieta alikuwa pembeni akichambua maharage. Macho yake yalishafifia, na hadithi ile alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Huyo mvulana amemsalimia upesi mno," bibi alisema.

"Bibi, mama wa duka la kuchapa anasema amechelewa."

"Babu yako Hhando alikuja kwetu kuazima jembe mara nne, na kwao majembe yalikuwepo. Hakuniangalia hata usoni. Mara ya tano alilirudisha limenolewa, limetiwa mpini mpya. Hapo nikajua."

Oliva aliweka kalamu chini. Hakuwahi kumsikia bibi akimzungumzia marehemu babu namna ile. Aliuliza swali moja, akajibiwa mpaka maharage yakasahaulika. Akaona kosa lake: kurasa zake hazikuwa nyingi, zilikuwa tupu. Aliandika bila kujua mtu anayependa kimyakimya anafanya nini siku nzima. Mwezi mzima uliofuata bibi alisimulia, yeye akaandika upya.

Mwantumu alichapa toleo jipya huku Oliva akisubiri. Chai ya mama yule ilipoa mezani.

"Habari za hili jembe umezitoa wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Kwa bibi yangu, mama."

"Msalimie sana. Usipunguze kitu."

Walitoa nakala ishirini, zikapelekwa katika sekondari aliyosoma Oliva. Mwisho wa muhula zilirudi zimelegea kwa kupita mikono mingi.

Oliva alimsomea bibi ukurasa wa shukrani. Bibi alisikia jina la Mwantumu, akasikia na lake.

"Na Hhando?"

"Yupo, Bibi. Nimemweka mwisho, peke yake."

"Nionyeshe alipo."

Oliva alimshika bibi kidole, akakiweka taratibu juu ya jina. Bibi alikiacha pale muda mrefu.

"Asante, mjukuu wangu," alisema.