Komredi, Vaa Shati

Mpiga picha wa mtaani kwetu ni mama ambaye kicheko chake hufika kabla yake. Juu ya mlango wa studio aliandika CAMERA kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka toka kituo cha basi. Zikasomeka kweli. Mchana mmoja wakaingia wageni wawili, mzee na mkewe, wanakokota masanduku, jasho linawachuruzika.

"Camera?" mzee akauliza kama anayeomba maji.

"Ndiyo baba, kamera! Karibuni, jisikieni nyumbani!"

Wakajisikia. Bibi akavua viatu, akajitupa kwenye kochi la kupigia picha, akafumba macho. Mama wa watu akafurahi kupita kiasi. Wateja wake hukauka kama magogo. Leo kapata anayejua raha! Akawasha taa, akapiga. Mzee naye akaanza kufungua vifungo vya shati. Shati likatoka. Mkono ukaenda kwenye mkanda.

"Weee! Mzee wangu, koma hapo hapo! Mimi mke wa mtu!"

Mbio akampigia wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa lugha. Wifi akaomba mzee apewe simu. Wakaongea, kisha simu ikalipuka kwa kicheko.

"Wifi, kwa Kiitaliano *camera* ni chumba! Wanatafuta pa kulala!"

"Kulala ndani ya kamera?"

"Neno ni la Kilatini, maana yake chumba. Wafaransa wakalifinyanga likawa *chambre*, Waingereza wakalidaka wakasema *chamber*. Halafu watu wakatoboa tundu kwenye chumba chenye giza, picha ya nje ikaingia ukutani, kichwa chini miguu juu. Chumba kikapunguzwa kikawa kisanduku, jina likabaki. Mwenzangu, umevaa chumba shingoni!"

"Makubwa haya!"

"Hata komredi limetoka humo humo. Kwa Kihispania *camarada* alikuwa yule mnayelala naye chumba kimoja."

"Basi mwambie komredi wangu avae shati."

Wifi akaja mwenyewe kuwachukua, nyumbani kwake chumba kipo. Lakini bibi, alipojiona pichani kalala mdomo wazi, alicheka hadi akakalia sanduku, akataka wapigwe picha wote wanne. Mpiga picha akatega kamera ipige yenyewe, akakimbilia kochini, akajikwaa, akatua mapajani kwa bibi. Pwa! Taa ikamulika.

Picha hiyo ndiyo iliyobandikwa dirishani pa studio. Mume wa mpiga picha kila akipita hapo huangalia upande wa pili.