Ng'ombe Watatu Wanaolala Kwetu

Wewe unayejiandaa kuomba msaada wa serikali ili nyumbani kwako papate chakula, sogea nikueleze yaliyotukuta, maana najua unachoogopa. Unaogopa maswali. Usiyaogope. Ni mepesi, na wanaoyauliza wana adabu. Sisi hatukushindwa na maswali. Tulishindwa na ng'ombe watatu waliokuwa nyuma ya nyumba wakicheua.

Nilikuwa nimerudi kuishi kwa mama yangu, kijijini huku Butiama. Mama alianguka akavunjika nyonga, na hapakuwa na mwingine wa kumwinua kitandani, kwa hiyo niliacha kazi ya kuanika dagaa kule Makoko, Musoma mjini, nikaja na watoto wangu wawili. Mwaka huo mihogo yetu ilishikwa na ule ugonjwa unaodanganya: majani mazuri, shina zuri, lakini ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani, kahawia kama tumbaku. Udaga, ile mihogo mikavu ya kusaga unga, ukaisha mapema. Ugali tulikula jioni tu. Mchana watoto walikunywa uji wenye maziwa, na hayo maziwa ndiyo yaliyotushikilia.

Maziwa yalitoka kwa hao ng'ombe, na hao ng'ombe hawakuwa wetu.

Kama wewe si mtu wa Mara, nikufafanulie. Mwenye ng'ombe huku hawaweki wote zizini kwake. Wengine huwapeleka kwa rafiki anayemwamini. Rafiki anachunga na kukamua, maziwa ni yake, na wakizaana vizuri siku moja atapewa ndama. Malipo yake kwa mwenye mali ni kufunga mdomo. Hasemi ng'ombe ni wa nani, hata kwa jirani, hata kwa padri. Mara nyingi mwenyewe amewaweka mbali ili ndugu zake wasijue anao, maana wakijua, kila kijana wa ukoo anayetaka kuoa atakuja na kamba.

Hawa wetu walikuwa wa rafiki wa marehemu baba, mzee mwenye duka la mbegu na pumba Bunda mjini. Baba ndiye aliyewapokea. Alipofariki, mama hakujiuliza mara mbili, akaendelea na ahadi.

Basi ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mtendaji alieleza vizuri: wananchi wenyewe wataje kaya zenye hali ngumu, kisha wadodosaji watapita nyumba kwa nyumba, majibu yatapelekwa juu, na majina yakirudi yatasomwa hapohapo mbele ya wote. Jirani yetu mmoja akasimama akataja kwetu. Nikaanza kuwaza unga.

Sauti ikatoka nyuma. "Yule mama ana ng'ombe. Si tunawaonaga kila asubuhi wanapita na kengele?"

"Mimi chai yangu ni ya rangi tangu Krismasi," akasema mwingine. "Kama anayekunywa maziwa ni maskini, mimi niandikeni marehemu."

Watu wakacheka, na kusema kweli ilichekesha. Mwenyekiti alituliza kelele, akamgeukia mama aliyekuwa kwenye kiti nilichombebea kutoka nyumbani, akamuuliza kwa heshima kama ng'ombe ni wake. Mstari wa pili alikuwa ameketi shemeji wa yule mzee wa Bunda, mikono magotini, anasikiliza. Mama aliitazama fimbo yake.

"Wanalala kwangu," akasema.

Mwenyekiti aliamua jina libaki, wadodosaji wakifika watajionea.

Kesho yake nikaenda Bunda. Mzee alinipa soda, akafunga redio, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimwomba aje aseme mbele ya mkutano kwamba mali ni yake. Alisugua uso kwa viganja.

"Mwanangu, nikisimama pale asubuhi, jioni kaka zangu wako zizini kwenu."

Akanieleza kwamba wale ng'ombe ndio ada ya binti yake anayesomea uuguzi, na hana kingine alichokiweka pembeni. Kisha akasema, bila hasira, kwamba kama wanatuzuia yuko tayari kuja kuwachukua awapeleke kwa mtu mwingine. Hapo nikaona nimefungiwa mbele na nyuma. Ng'ombe wakibaki, hatutaandikwa. Wakiondoka, maziwa yanaondoka leo, na msaada, kama utakuja, utakuja baada ya miezi. Watoto wangenywa nini katikati? Nilimwomba awaache. Njiani niliwaza kuwaficha kwa jirani siku ya wadodosaji. Nilipofika nyumbani na kumwambia mama, alinitazama mpaka nikaenda kuteka maji.

Mdodosaji alikuwa binti mpole mwenye kishikwambi. Alimwamkia mama, akaketi kwenye kigoda akaanza. Paa ni la nini? Choo kikoje? Mnakula mara ngapi? Mama alijibu kila swali jinsi mambo yalivyo, na hapo nakusihi nawe ufanye hivyohivyo. Usiseme mnakula mara mbili kwa kuwa unamwonea mgeni haya. Binti akauliza mifugo.

"Ng'ombe watatu," mama akasema.

"Ni wa kwako, bibi?"

"Wako hapa."

Binti akatabasamu kidogo. "Bibi, hapa pananitaka niweke ndiyo au hapana. Hakuna mahali pa kuandika 'wako hapa'."

Nilifungua mdomo. Mama alinigusa goti, akaniambia kwa lugha yetu ya nyumbani kwamba baba yangu aliahidi. Ndipo akarudi kwenye Kiswahili.

"Weka ndiyo, mjukuu wangu."

Kidole cha binti kilisubiri. Aliwatazama watoto, akatazama sufuria iliyopinduliwa kando ya ukuta, halafu akaniuliza, "Dada, una cha kuongeza?" Nikamjibu hapana. Nyuma ya nyumba kengele ikalia, ng'ombe mmoja akijikuna kwenye mti wa zizi.

Majina yaliporudi, yalisomwa mpaka la mwisho, na la mama halikuwamo. Yule wa chai ya rangi alikuwamo, akaja kutupa pole, tena hakutania. Wakati wa kurudi mama aliniuliza tu kama ng'ombe wamekunywa maji.

Baada ya siku nyingi nikaenda peke yangu kwa mtendaji. Sikuwa na mpango. Nilimwomba afunge mlango, nikamweleza kwamba kuna mali zizini kwetu isiyo yetu na mwenyewe hawezi kutajwa hadharani. Nilidhani atanifukuza. Alikuna kichwa kwa kalamu.

"Mbona hukuja mapema? Mwenyewe angetwambia humu ndani, mimi, mwenyekiti na mtu mmoja wa kamati. Nani alisema kijiji kizima lazima kisikie?"

Kusema kweli hakuna aliyesema. Ni sisi wenyewe tulioamini hivyo, kwa sababu jina lilitajwa mkutanoni, tukadhani na jibu lazima litolewe mkutanoni.

Nilimpigia simu mzee. Alikuja siku ya mnada, siku ambayo mtu kutoka Bunda hashangazi mtu, akaingia ofisini kama anayeuliza njia. Alizungumza muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mtendaji akapokea malalamiko yetu, wakapeana mikono. Lakini uandikishaji ulikuwa umekwisha fungwa, na utafunguliwa tena lini, yeye mwenyewe hajui. Kwa hiyo bado tupo palepale: ugali jioni, uji mchana, ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, mmoja sasa ana mimba. Mama husikiliza kila gari linalopunguza mwendo barabarani, akidhani wadodosaji wamerudi.

Wewe bado una muda. Kama kwako kuna mali ya mtu, usingoje mkutano. Mchukue mwenye mali, mwende wawili kwa mtendaji siku ya kawaida, fungeni mlango, na aseme kwa mdomo wake kilicho chake.