Maji ya Ziwa Yana Chumvi

Muuza chumvi ya ng'ombe alipita asubuhi hii nyuma ya zahanati, magunia yake yameloa mvua ya jana. Harufu hiyo mnaijua ninyi mliokulia karibu na zizi: nzito, ya udongo, inakaa kooni. Mimi ikinifikia hutafuta pa kukaa. Manesi wenzangu hudhani presha imeshuka. Haijashuka. Ni dada yangu Bhoke amenijia, pamoja na safari yetu ya ziwani, ambayo tuliipanga vizuri kuliko safari yoyote niliyowahi kwenda.

Tulikuwa tunakaa Nyarero. Mimi nilikuwa darasa la tatu na Bhoke alikuwa ndiyo kwanza amemaliza la saba, anasubiri matokeo. Wazo la ziwa alilitoa kwa mwalimu wake wa jiografia, mtu wa Iringa, aliyewaambia darasani kwamba kuna watu hufunga safari kwenda kijiji cha bandari, si kununua samaki wala kutibiwa, bali kupumzika tu na kutazama maji, ndege na visiwa. Halafu shule ikafungwa, mwalimu akaenda kwao likizo, akatuachia ugonjwa huo nyumbani.

Mama alicheka mpaka akakalia kinu. "Mtu atoke hapa aende kutazama maji? Yana mapembe?"

Bhoke hakujali. Asubuhi isiyo na ukungu alinipandisha kwenye mwamba juu ya shamba letu la mihogo, akanionyesha mstari mweupe mbali sana upande wa magharibi, akasema lile ndilo ziwa. Kaka yetu Chacha alisema ni mabati ya watu. Nilimwamini Bhoke, kwa sababu Bhoke ndiye aliyekuwa akinichana nywele bila kuniumiza, na mtu wa namna hiyo hawezi kukosea jambo kubwa.

Tulipangia nyuma ya ghala la mahindi. Alichora njia ardhini kwa kijiti: Nyarero, Tarime mjini, Utegi, halafu kulia mpaka njia iishie majini. Kuku walipoikanyaga aliichora upya. Aliamua tutabeba viazi vitamu vya kuchemsha, kwa sababu haviharibiki haraka. Aliamua nitaoga na gauni langu la zamani, ili jipya libaki kavu la kurudia. Aliamua hata nitakaa upande gani wa mtumbwi, iwapo mtu atatupandisha, kwa kuwa mimi nilikuwa natapika nikipanda chochote kinachosogea.

Tulichokosa ni mtu mzima wa kutupeleka, na Mungu akamleta mama Wankuru. Ndivyo tulivyoamini.

Mama Wankuru alikuwa mjane kutoka Matongo, kule kwenye mashimo ya dhahabu. Alikuwa na mabinti watupu, wote wameolewa. Alianza kuja kwetu na kibuyu cha maziwa ya mgando, akizungumza na baba kwa sauti ya chini, na akitoka kwa baba anakuja kwetu nyuma ya ghala. Tulimwamkia shikamoo, akaitika kwa furaha kana kwamba tumempa zawadi. Alitaka kujua tunachora nini. Bhoke alipomweleza, yule mama hakucheka. Aliketi chini, akanyoosha miguu.

"Huko nakujua," alisema. "Mitumbwi inalala kifudifudi kama watu walioshiba. Na yale maji yana chumvi. Ng'ombe wakifika hawataki kuondoka. Hata ninyi hamtataka kuondoka."

Chumvi! Kwetu mtu hutembeza ng'ombe nusu siku kuwapeleka walambe udongo wenye chumvi, na hapa tunaambiwa kuna ziwa zima. Bhoke alitafuta chupa tupu, akaitengenezea kizibo cha gunzi. Mpango wake ulikuwa kuirudisha imejaa, ili mama apikie mboga maji ya ziwa na aache kutucheka.

Tangu siku hiyo mama Wankuru alikuwa mwenzetu. Kila alipokuja aliongeza kitu: ndege weupe wenye miguu ya kijiti, viboko, samaki anayekaangwa bado anarukaruka. Alimtazama Bhoke sana. Alimwambia asimame, ageuke, achote maji amwone. Mimi nilifikiri anampima kama ataiweza safari.

Kisha wakaja ng'ombe, wazuri, wenye nundu zilizonona. Baba alisema ni wa mama Wankuru, tunamtunzia, maana Matongo mashimo yamemaliza malisho. Nani asiyeweka mifugo kwa jirani? Bhoke aliwanywesha mwenyewe kila jioni, akiwaambia wasihuzunike, tukirudi tutawaletea chumvi ya kweli. Mama alikuwa akimtazama kutoka jikoni, na siku hizo hakuwa akicheka tena. Mboga iliungua mara nyingi wiki ile.

Asubuhi ya safari Bhoke alivaa gauni jipya ambalo hakuuliza limetoka wapi. Enzi hizo pikipiki zilikuwa za mapadri na mabwana shamba, sisi wengine tulipanda baiskeli. Zilikuja mbili. Mama Wankuru alipanda ya kwanza na Bhoke ya pili, begi lenye viazi na chupa likiwa mapajani.

"Na Robhi?" Bhoke aliuliza, akininyooshea kidole.

"Atafuata na ya tatu," mama alisema. Alisema akiwa ametazama chini, anafunga kamba ya begi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Nilikimbia nyuma yao mpaka njia panda. Kulia ni Tarime mjini, ndivyo mchoro ulivyosema, na mimi mchoro niliujua kwa moyo. Baiskeli zikakata kushoto, upande wa Nyamongo, njia ya kwenda Matongo. Nilipiga kelele kwamba wamekosea njia. Bhoke aligeuka, akanipungia mkono, akidhani ninamuaga.

Nilikaa njia panda na kifurushi changu mpaka jua likawa kali, nikingoja baiskeli ya tatu. Chacha ndiye aliyenikuta. Alikuwa anaswaga wale ng'ombe wapya, amevaa shati la kwendea kanisani.

"Unangoja nini?"

"Kwenda ziwani."

Alicheka, akaelekeza fimbo kwa ng'ombe. "Ziwa lenu hili hapa. Linakula majani."

Nilidhani ni utani wa kaka. Alipita nao akaenda zake, na mimi niliendelea kungoja.

Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, naye binti huyo akaizalia nyumba yake watoto wa kuiendeleza. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita. Wapo walioingia wakijua na wakakaa vizuri, sitaki kusema uongo. Dada yangu aliingia akiwa na viazi vya kuchemsha.

Siku chache baadaye alirudi kwa miguu. Alitokea nyuma ya ghala, palepale, miguu imejaa vumbi hadi magotini, begi begani. Mama alimpa uji, akamwosha miguu kama mtoto mchanga. Baba alipotoka zizini alisema kidogo tu.

"Ng'ombe hawapo, Bhoke. Chacha amewapeleka kwa wakwe zake. Nirudishe nini?"

"Tata, mimi nimefaulu," Bhoke alimwambia baba. Matokeo yalikuwa yametoka, hilo alilisikia njiani.

Baba alilitazama zizi muda mrefu, kama vile ng'ombe wangeweza kurudi kwa kutazamwa. Nampa haki hiyo, aliumia. Aliumia, na kesho yake akamrudisha. Bhoke aliniachia chupa. Ilikuwa tupu, kizibo kikiwa mahali pake.

Zizi letu likatulia. Chacha akapata mke, na mimi nikaachwa nisome, kwa kuwa hapakuwa tena na kijana wa kuozesha. Nilienda sekondari Issenye, nikasomea unesi, nikapangiwa, ona mambo, zahanati ya kijiji cha bandari. Siku niliyofika niliweka sanduku chini, nikashuka ufukweni na viatu vyangu, nikachota kwa kiganja, nikaonja.

Hayakuwa na chumvi.

Nilichota tena, mbali kidogo, nikifikiri labda nimeonja pembeni. Mvuvi aliyekuwa anashona nyavu aliniuliza nimepoteza nini. Mitumbwi ilikuwa imelala kifudifudi kweli, ndege weupe walikuwapo, lakini chumvi haikuwapo wala haijawahi kuwapo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama Wankuru hakuwahi kufika. Alikuwa amesimuliwa tu. Na aliyemsimulia, nadhani, alikuwa anamtaka kwa jambo fulani.

Nilimwita Bhoke miaka nenda rudi aje atembee. Mara mifugo, mara watoto. Alizaa mabinti, mmoja baada ya mwingine. Mama Wankuru alikufa akiwa bado anangoja mjukuu wa kiume, na nyumba ile ikabaki mikononi mwa dada yangu.

Jana jioni alipiga simu, ana furaha.

"Mdogo wangu, kuna binti hapa kijijini, amemaliza shule. Anapenda kutembea huyo! Nimemwambia nitamleta kwako aone ziwa."

Moyo wangu uliruka. "Njooni! Nitawapokea mimi mwenyewe. Nitawapikia sato."

Akacheka, kicheko kile kile cha mama juu ya kinu. "Wewe naye. Wazee wameshaelewana. Ng'ombe wanakwenda wiki hii. Hii nyumba haiwezi kufa mikononi mwangu, Robhi."

"Bhoke. Wewe? Wewe kabisa?"

"Kwani mimi nilikufa?" Alisema bila hasira. "Sasa nisaidie. Kila siku ananiuliza kukoje, na mimi sijafika. Nimemwambia mitumbwi inalala kifudifudi. Nimemwambia maji yana chumvi. Nimwambie nini tena?"

"Maji hayana chumvi, dada."

Nilisikia ng'ombe wakilia upande wake.

"Hayana?"

"Hayana. Hayajawahi kuwa nayo."

Nilimsikia anapumua, nikadhani analia, na nikafurahi, kwa sababu nilitaka alie. Kisha akasema polepole, kwa sauti ile iliyokuwa ikinipangia upande wa kukaa mtumbwini, "Basi usimwambie mtoto," akakata.

Nimempigia tangu asubuhi, hapokei. Nina hasira naye, na nampenda, na sijui nianze na lipi nikifika. Nimeomba ruhusa kazini. Ile chupa ninayo bado, nimehama nayo kila nilikokwenda. Nimeijaza maji ya ziwa, nimeyachemsha kwanza maana mimi ni nesi, na nimeweka kizibo kipya cha gunzi. Kesho napanda gari la kwanza kwenda Matongo. Nitaomba vikombe viwili, nimimine, na yule binti atakunywa akimtazama Bhoke anavyokunywa.