Kona ya Juu ya Kabati

Shangazi yangu ana miaka sabini na moja na hajawahi kuharibu kitu. Hayo ni maneno yake. Kikombe kikivunjika, aliyekivunja ni mume wake, yule tunayemwita Bosi ingawa ukoo mzima unajua bosi ni nani.

Walipotaka kubomoa dari ya sebule waliniita mimi, maana kazi yangu ni kupima dari za zamani. Zile za plasta ya vipelevipele mara nyingine zimechanganywa na asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu ni hatari.

Kazi inataka vipande kutoka sehemu tatu. Lakini nilipopanda ngazi, Bosi akasema, "Kwangua ile kona ya juu ya kabati tu. Usitutoboe katikati."

"Kona hapana!" Shangazi akaruka. "Achukue katikati!"

"Tukae tunaangalia tundu?"

"Si dari yote inabomolewa, we mzee?"

"Kona, nimesema!"

Nina miaka hamsini na mbili, ila mbele ya hawa wawili narudi kuwa na saba. Niliona haya kubishana. Nikalowesha ile kona kwa maji, nikakwangua kipande kimoja, nikakifunga kwenye mfuko, nikashuka.

Baada ya siku nne nikawapelekea majibu ya maabara. Hakuna asbesto. Kipande ni unga wa ngano na chokaa.

Bosi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Kumbe nyumba hii ilijengwa na waoka mikate! Basi naanza mwenyewe, leo leo."

Nilijua dari nzima haiwezi kuwa unga. Nikajifanya nayasoma majibu upya. Shangazi alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. Bosi akapanda ngazi, akainua nyundo.

"Shuka," Shangazi akasema.

"Nini tena?"

"Shuka, baba. Vumbi hilo litakuua. Ule unga ni wangu."

Akaeleza huku anatazama sakafu. Mwaka ambao Bosi alikuwa safarini, yeye alimfukuza panya juu ya kabati kwa ufagio, mpini ukatoboa dari. Akakanda unga, akatia chokaa, akaziba, halafu akachomachoma vipele kwa uma.

"Miaka kumi na moja," Bosi akasema kutoka juu ya ngazi, "unanisimanga kwa kioo cha bafuni!"

"Kioo ulikivunja."

"Na dari?"

"Dari niliitengeneza."

Siku hiyo nilichukua vipande vitatu bila kumuuliza mtu. Vyote vilikuwa na asbesto. Walipokuja mafundi wa kuitoa, wamevaa barakoa na nguo nyeupe mwili mzima, Bosi aliwasimamisha mlangoni, akawaonyesha ile kona kwa kidole.

"Hebu tazameni vile vipele," akawaambia. "Mke wangu huyo. Nani angejua?"

Kweli, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na mimi sikujua.