Minza na matuta sabini na mawili ya Mzee Asukile

Mvua imekatika saa kumi na nusu, na ilipogonga saa kumi na moja kamili Minza Nkuba yuko mlangoni anafunga kamba za raba. Anafunga, anafungua, anafunga tena.

"Tusichelewe," anasema, utadhani kuna basi linaondoka.

Hakuna basi. Kuna mlima. Kutoka chumba chake cha kupanga hapa Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, hadi shambani kwa Mzee Asukile kwenye vilima vya Uporoto ni kilomita saba, karibu zote za kupanda. Usiku kucha mvua imepiga mabati, na katika shamba hilo la viazi kuna matuta sabini na mawili. Maji yakiwa yameondoka na tuta hata moja, njia ya Minza inafungwa, na kazi yake imekwisha.

Kwa nini asimpigie mzee simu? "Simu yake anaiwasha Jumapili akitoka kanisani," anajibu. "Leo Jumamosi."

Basi tunakimbia. Mbele yuko Minza, miaka thelathini na mmoja, tochi kichwani, anapanda kama anayeteremka. Nyuma yake yuko Violet, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi kule Mwanjelwa, ambaye ndiye mteja wake wa kwanza. Nyuma kabisa yuko mwandishi wa makala haya, ambaye mara ya mwisho kukimbia alikuwa darasa la saba, na hata hiyo ilikuwa adhabu.

Kazi yake Minza huiita "kupeleka watu mlimani". Jumamosi ni ya wanaokimbia, Jumapili ni ya baiskeli za gia. Anawachukua watu wa mjini waliochoka na makelele, anawapandisha kwenye njia nyembamba za msituni, anawafikisha juu mahali ambapo husikii honi wala muziki wa baa, kisha anawarudisha wakiwa na matope hadi masikioni na furaha ya watoto waliofunga shule.

"Wiki nzima nasikia nondo zinaangushwa na watu wanabishana bei ya saruji," anasema Violet, naye hahemi hata kidogo, jambo linaloudhi. "Huku nasikia pumzi yangu. Jumatatu naweza hata kumvumilia bosi."

Kabla ya hapo Minza alikuwa kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi. Alisimama saa tisa kwa siku kwenye chumba cha baridi, akichagua matunda kwa ukubwa, kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Jumapili alikuwa anapanda vilimani peke yake, anakimbia, anarudi. Siku moja Violet, aliyekuwa jirani yake, akamfuata. Jumapili iliyofuata Violet akaja na mwenzake, na mwenzake akaja na shemeji yake, na kabla mwaka haujaisha walikuwa ishirini na sita. Mwezi mzuri ulimpa Minza mara tatu ya mshahara wa kiwandani, kwa hiyo Januari mwaka jana akavua aproni na kuaga.

"Msimamizi aliniambia, aproni yako naitundika hapahapa, utarudi," anakumbuka. "Sikupenda alivyocheka."

Njia za mlimani hakujifunza kwa mtu. Alijifunza kwa ng'ombe. Baba yake, Nkuba, alihama na mifugo kutoka Shinyanga miaka ya themanini akaweka maskani kwenye mbuga za Usangu. Alizaa mabinti wanne mfululizo kabla ya kupata mvulana, kwa hiyo fimbo ya kuchungia ikabaki mikononi mwa mabinti. Minza alikimbia nyuma ya ng'ombe tangu akiwa na miaka saba.

Ndiyo maana mzee Nkuba hadi leo haielewi kazi ya binti yake. Kila Minza akimpigia simu na kusema ametoka kukimbia, baba huuliza swali lilelile: "Ng'ombe yupi kapotea?"

"Namwambia, baba, hakuna ng'ombe aliyepotea, watu wanakimbia tu kufurahi. Halafu ananiuliza kama ninakula vizuri."

Lakini kazi ni ileile. Minza akitaka kufungua njia mpya, anasimama mbele ya kilima na kujiuliza: ng'ombe angepita wapi? Ng'ombe hapendi kujitesa, anasema. Akipanda anazunguka, anatafuta pale panapoinama kidogo kidogo, na mtu mwenye mapafu ya mjini anahitaji hichohicho. Hapo mwanzo alitaka hata kuazima ng'ombe wa jirani amtangulize. Jirani alikubali. Ng'ombe ndiye aliyekataa.

"Ng'ombe wa Uyole anafugwa ndani, analetewa majani kama mgonjwa," anasema huku akicheka. "Nikamtoa, akauangalia mlima, akaniangalia mimi, akalala."

Akaamua kufuata mapito ya zamani ya ng'ombe waliokuwa wakichungwa huko juu. Yalimtosha, ila moja tu, na hilo ndilo lililomponza.

Wateja wa baiskeli wanapenda mteremko. Minza akawatafutia wa kunyooka, pito ambalo zamani ng'ombe walilitumia jioni wakienda mtoni wakiwa na kiu. Ng'ombe mwenye kiu hazunguki. Pito lilishuka kama kamba iliyovutwa, likapakana na shamba la Mzee Asukile kwa mita mia nne. Minza alimwomba mzee ruhusa, mzee akakubali bila maneno mengi, na kwa miezi kadhaa baiskeli zikateremka zikipiga kelele za raha.

Kisha ikaja Machi ya mwaka huu. Magurudumu yalikuwa yamelichimba lile pito likawa mfereji, na mvua kubwa ilipopiga, maji yakafuata mfereji, yakapasua ukingo, yakaingia shambani. Asubuhi matuta kumi na moja ya viazi yalikuwa yamelala korongoni.

Kosa hilo, Minza anakiri, asingelifanya mtu aliyezaliwa milimani. Mtoto wa huku anajua kabla hajaanza shule kwamba mteremko haukatwi wima. "Mimi nimekulia Usangu, ardhi yetu imelala. Ng'ombe wapite popote, hakuna kinachoharibika. Maji kwetu yanakaa. Huku yanatembea, na mimi ndiye niliyeyachongea barabara."

Mzee Asukile hakwenda polisi wala kwa mtendaji. Alikata miiba, akaipanga njiani hadi kifuani, akaingia ndani kwake.

Pembeni ya shamba hilo upande mmoja kuna korongo refu, upande wa pili msitu wa hifadhi. Hakuna pengine pa kupita. Mita mia nne zilipofungwa, mzunguko wote wa kilomita kumi na nane ukafa, na wateja wakabaki kukimbia kandokando ya lami, malori ya Tunduma yakiwapulizia moshi. Watu ishirini na sita wakawa sita. Minza akauza baiskeli mbili kati ya saba ili alipe kodi ya chumba, na usiku, anasema, alikuwa anaiona ile aproni imetundikwa.

Alirudi kwa mzee mara tatu. Mara ya kwanza hakufunguliwa. Mara ya pili alikwenda na pesa za fidia, akaambiwa, "Sili noti, binti. Nakula viazi." Mara ya tatu, mwezi Oktoba, alikwenda na jembe. Nyuma yake walikuja watu kumi na tisa, wateja wake na wale waliokuwa wameacha, kila mmoja na jembe lake, wengine majembe ya kuazima, Violet akiwa na kucha zilizopakwa rangi siku hiyohiyo.

Walifukia mfereji wote. Wakachonga njia mpya ya kupindapinda yenye kona saba, na kila kona wakachimba makinga maji ya kuyapeleka maji msituni. Mzee Asukile alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu, akawasimamia tangu asubuhi hadi jioni.

"Alimwambia mwalimu mmoja, wewe mwenye kofia, hilo ni kaburi au ni mfereji?" anasema Violet. "Na yule mwalimu anafundisha kilimo!"

Jioni mzee akatoa sharti lake. Atapanda viazi kama kawaida. Ije mvua kubwa ya kwanza. Kama haikuchukua tuta, njia ipite. "Likienda moja tu," aliwaambia, "mtaifunga wenyewe kwa mikono yenu, na sitaki kuwaona tena."

Mvua hiyo ndiyo ya usiku wa kuamkia leo.

Kunapambazuka tunapofika kwenye ukingo wa msitu. Ukungu umekaa bondeni, majani yanadondosha maji, na udongo unanukia. Minza ameacha kukimbia. Anatembea, na hatua zake za mwisho ni fupi za mtu anayeingia wodini.

Kona ya kwanza iko salama. Ya pili, ya tatu. Maji yamepita yalikoelekezwa, yameacha mchanga msafi kwenye makinga. Shamba linaanza kuonekana. Minza anahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Akifika arobaini anapotea, anaanza upya.

"Sabini na mbili!" anapiga kelele. "Violet, hesabu na wewe, nisije nikawa ninajidanganya."

Violet anahesabu. Sabini na mbili. Wanakumbatiana, wanarukaruka, mmoja anateleza na kumvuta mwenzake, wanakaa matopeni wanacheka.

Ndipo tunamwona Mzee Asukile. Amesimama kona ya tano, suruali imekunjwa juu ya magoti, koti la mvua limelowa mpaka ndani, jembe mkononi. Miguu yote ni matope. Chini yake udongo ni mbichi, umechimbwa si muda mrefu.

"Mugonile, baba," Minza anamsalimia kwa Kinyakyusa, akipiga goti kidogo.

"Ndaga, mwanangu. Umeamka mapema."

"Baba, ulikuwa unafanya nini huku?"

Mzee anasafisha jembe kwa kijiti, polepole. Inaonekana angependa aulizwe swali jingine.

"Majani yaliziba hii kinga," anasema hatimaye. "Nikasikia mvua imekuwa kali, nikatoka na taa. Maji yalishaanza kupanda juu. Lile tuta la mwisho pale lilishalegea."

Minza anaelewa kabla yetu, na furaha inamtoka usoni. "Kwa hiyo lingekwenda. Basi tumeshindwa."

"Mimi nilisema likienda," anajibu mzee, sasa kama amekasirika. "Limekwenda?"

"Halijakwenda."

"Sasa unalia nini?"

Anatuambia mengine baadaye, tukiwa jikoni kwake, miguu kwenye moto, sinia la viazi vya kuchemsha katikati. Watoto wake wanne wako mijini. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Ile miezi baiskeli zilipokuwa zinapita, kila mtu alisimama kumsalimia, wengine kwa Kinyakyusa kibovu sana, na yeye alikuwa akikaa nje kila wikiendi kuwasubiri huku akijifanya ananoa panga.

"Nikafunga kwa hasira, na hasira ilikuwa ya haki," anasema. "Lakini nilipofunga nikajifungia na mimi. Jumamosi ikifika, kimya. Jumapili, kimya. Sasa jana usiku ningeliacha tuta liende, ningekaa na nani?"

Anasogeza sinia kwa Violet na kumwambia ale, amekonda kama mtu wa mjini.

Minza tayari ana daftari mkononi. Juni mwakani, mvua zikiisha, anataka kuandaa mbio za kwanza kwenye mzunguko wote wa kilomita kumi na nane, na siku ya pili baiskeli. Wakimbiaji kumi na wawili kutoka Iringa, akiwemo mwalimu mmoja wa Tosamaganga, wameshaulizia. Anataka kurudisha baiskeli mbili alizouza. Kituo cha kupumzika kitakuwa hapa, viazi na chumvi, na mwenye kituo ameshatoa sharti jipya: kila atakayepita atoe salamu, la sivyo arudi alikotoka. Na Minza anataka siku hiyo kumleta baba yake aone kwa macho.

Kabla ya kushuka tunapanda hadi kileleni, dakika kumi tu. Ukungu umefunguka. Mbali sana, upande jua linakotokea, mbuga za Usangu zimetandazwa, na mahali fulani huko mzee Nkuba anafungua zizi. Minza anatoa simu.

"Mwangaluka, baba," anamwamkia kwa Kisukuma. "Niko mlimani. Nimekimbia tangu alfajiri."

Sauti ya upande wa pili inasikika hadi nilipo, kubwa na yenye wasiwasi uleule wa siku zote. "Ng'ombe yupi kapotea?"

Minza anaangalia chini, kwenye kona ya tano, ambako Mzee Asukile amesharudi na jembe lake.

"Alikuwa amepotea mmoja, baba," anasema. "Leo nimempata."

"Aa," anasema mzee Nkuba, na kwa mara ya kwanza anaridhika. "Hapo sawa. Kimbia, mwanangu."