Maziwa ya Bi Somoe

Siku niliporipoti kazini Nyamwage, Afisa Mifugo wa Wilaya, mzee mkali wa makaratasi, alinikabidhi pikipiki chakavu, daftari, na laktomita. Hicho ni kibomba cha kioo chenye mistari, unakitumbukiza ndani ya maziwa kinaelea. Maziwa mazima hukiinua, yaliyotiwa maji hukizamisha.

"Huyu ndiye hakimu wako," akaniambia. "Watu watakuapia. Yeye haapi."

Nikalishika neno hilo kama aya. Sisi watu wa Rufiji ng'ombe wa maziwa tulikuwa hatuwajui, tunajua mpunga na samaki. Serikali ndiyo iliyowavuta watu kwa ruzuku: kila lita iliyopokelewa kituoni, mfugaji aliongezewa kitu juu ya bei. Ila ukikutwa na maji mara tatu, jina linafutwa.

Bi Somoe, mjane, alikaa hatua chache nyuma ya kituo. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na kwa huyo alikuwa anasomesha binti wa marehemu dada yake. Kila alfajiri alikuwa wa kwanza, ndoo bado ina povu. Na kila nikipima, kibomba kinazama.

"Mama, haya yana maji."

"Maji ya wapi, bwana mifugo? Nimekamua sasa hivi, nimekuja mbio yasichache."

"Kipimo hakisemi uongo."

Niliyasema hayo mbele ya foleni nzima, tena kwa sauti. Mara ya tatu nikamfuta. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Alijifunika kanga vizuri, akaichukua ndoo yake akaenda. Mwezi haukuisha akamuuza ng'ombe kwa mchinjaji wa Ikwiriri, na binti akarudi nyumbani.

Miaka miwili baadaye akaja Afisa mpya, mama mpole, kukagua. Akagusa ndoo ya kwanza asubuhi ile.

"Haya bado ya moto. Unayapima hivi hivi?"

"Siku zote, mheshimiwa."

"Maziwa ya moto ni mepesi, kipimo kinazama hata kama hayana tone la maji. Unayaacha yapoe kwanza. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Lakini chuo chetu kilikuwa nyanda za juu, kwenye baridi, maziwa yanapoa yakiwa njiani, nikalisahau. Waliotoka mbali yao yalikuwa yamepoa. Aliyeponzwa ni yule wa jirani, aliyewahi.

Nikalirudisha jina lake kwenye orodha kimyakimya. Jina bila ng'ombe lina kazi gani? Kwake sikwenda. Niliona haya, wallahi, na haya hiyo nikaibeba mpaka nilipostaafu.

Mwaka huu nikaenda. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote: joto, kibomba, ujinga wangu. Hakuacha kupepeta.

"Yale ya kwanza ulinisemea wapi?"

"Kituoni, mama."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na haya?"

Nikatazama uani. Tulikuwa sisi wawili na kuku.

"Haya," akasema, "subiri unywe chai." Akaniletea. Ilikuwa ya rangi.

Vijana mnaoingia kazi hii, acheni maziwa yapoe. Hilo ndilo la kazi. Langu ni jingine. Kituo kimefungwa siku nyingi, na foleni ile sijui nitaikusanya wapi. Basi nasema hapa, kwa yeyote anayesoma: Bi Somoe wa Nyamwage hakutia maji maziwa yake.